Maji Yanayochemka na Chanzo cha Mto Nile

Mama akiinjika sufuria ya maharagwe mjini Tanga, maji yake huchemka yakifika nyuzi 100 za sentigredi. Mwenzake wa Mwanza akiinjika maharagwe yaleyale, maji yatatokota yakiwa na nyuzi 96 na kidogo. Nairobi yatatokota kwenye nyuzi 94, na juu kabisa ya Kibo kwenye nyuzi 80 hivi. Hata moto ukikolezwa namna gani, maji ya sufuria iliyo wazi hayapandi zaidi ya hapo, na ndiyo maana maharagwe ya nyanda za juu hula kuni nyingi.

Tofauti hiyo ya nyuzi chache, ambayo mpishi huilipa kwa mkaa, ilikuwa katika karne ya 19 chombo cha kupimia nchi. Msafiri mwenye kipimajoto, taa ndogo ya spiriti na maji kidogo aliweza kukokotoa mwinuko wa mahali aliposimama bila kuona bahari. Na mabishano makubwa ya jiografia ya zama zile, yaliyohusu chanzo cha Mto Nile, yalifika mahali yakategemea swali moja: je, kipimajoto kilichochemshwa kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1858 kilisema kweli?

Historia hii inatuhusu sisi wa maziwa haya kwa njia mbili. Maziwa yenyewe ni yetu, na baadhi ya watu walioyajua majibu walikuwa wa huku. Lakini inafundisha pia jambo ambalo vitabu vya sayansi hulipitia haraka mno: namba ya joto haina thamani mpaka ujue chombo kilichoitoa, mahali kilipopimia, na kosa lake ni kiasi gani.

Kioo, pombe na zebaki

Mwishoni mwa karne ya 16, Galileo na wenzake wa Padua na Venice walikuwa na chombo rahisi. Kilikuwa mrija mwembamba wa kioo wenye tufe juu, uliosimamishwa kichwa chini ndani ya maji. Hewa ya ndani ya tufe ikipata joto hutanuka na kuyasukuma maji yashuke. Ikipoa maji hupanda. Daktari Santorio Santorio, aliyefundisha Padua, alikiongezea alama za kuhesabia miaka ya 1610, akakitumia kwa wagonjwa wake. Hapo ndipo joto lilipoanza kuhesabiwa badala ya kupapaswa tu kwa kiganja.

Chombo kile kilikuwa na kasoro ambayo wenyewe hawakuijua. Kwa kuwa maji yake yalikuwa wazi kwa hewa ya nje, kilipanda na kushuka si kwa joto peke yake, bali pia kwa mabadiliko ya mgandamizo wa hewa. Mwaka 1644 Evangelista Torricelli alieleza jaribio la mrija wa zebaki lililoonyesha kwamba hewa ina uzito na inagandamiza kila kitu. Miaka minne baadaye, tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme katikati ya Ufaransa akiwa na mrija kama huo. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kwa sentimita 8 hivi. Watu wakajua kwamba kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu yako hupungua na mgandamizo wake hupungua pia.

Dawa ya kasoro ya kipimajoto ilipatikana Florence, katika jumba la Mtawala Ferdinando II de' Medici, karibu mwaka 1654. Mafundi wake wa kioo walitia pombe ndani ya mrija, kisha wakauziba juu kwa moto. Kimiminika kikawa kimefungiwa, hewa ya nje isiweze kukigusa. Kipimajoto cha kweli kikawa kimezaliwa, ila kila fundi alichora alama zake mwenyewe. Nyuzi 40 za fundi mmoja hazikuwa na maana yoyote kwa mwingine.

Aliyeleta nidhamu alikuwa kijana yatima. Daniel Gabriel Fahrenheit alizaliwa Danzig, leo Gdańsk nchini Poland, mwaka 1686. Wazazi wake wote wawili walikufa siku moja mwaka 1701 baada ya kula uyoga wenye sumu, naye akapelekwa Amsterdam kujifunza biashara. Biashara haikumkaa, moyo wake ulikuwa kwenye vioo. Mwaka 1708 alimtembelea Ole Rømer huko Copenhagen, akaona jinsi mtaalamu huyo alivyogawa nyuzi zake kwa kutumia hali za asili zinazojirudia, kama vile barafu inayoyeyuka. Fahrenheit akairithi njia hiyo na kuinoa. Mwaka 1714 alionyesha vipimajoto viwili vilivyotoa jibu moja, jambo lililowashangaza wasomi wa wakati ule kwa sababu halikuwa limezoeleka.

Hatua yake kubwa ilikuwa kuachana na pombe na kutumia zebaki. Pombe huchemka kwenye nyuzi 78 za sentigredi, kwa hiyo haiwezi kupima maji yanayochemka. Zebaki haichemki mpaka ipite nyuzi 350, haigandi mpaka baridi ifike nyuzi 39 chini ya sifuri, hailoweshi kioo, na hutanuka kwa mwendo ulio sawasawa. Mwaka 1724 Fahrenheit alichapisha makala kadhaa katika jarida la Royal Society ya London. Alieleza kwamba sifuri yake ni mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi. Kwamba 32 ni barafu ikiwa ndani ya maji matupu. Na kwamba 96 ni joto la mtu mzima wa afya, likipimwa kinywani au kwapani.

Katika makala hizohizo kuna jambo ambalo ni mzizi wa hadithi yetu. Fahrenheit aliona kwamba maji hayachemki kwenye alama moja siku zote. Mgandamizo wa hewa ukipanda, nayo huchemka kwa nyuzi za juu zaidi. Ukishuka, huchemka mapema. Papo hapo akabuni chombo cha kupima uzito wa hewa kwa kutazama joto la maji yanayochemka. Miaka 18 baadaye Anders Celsius wa Uppsala, Sweden, alithibitisha jambo hilo kwa makini alipopendekeza mgawanyo wake wa nyuzi 100. Yeye aliweka 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda, na baada ya kifo chake mwaka 1744 mpangilio ukageuzwa ukawa huu tunaoujua. Celsius alisisitiza kwamba alama ya kuchemka ni lazima iambatane na kipimo cha mgandamizo wa hewa, la sivyo haijakamilika.

Maji huchemka lini?

Kwa nini iwe hivyo? Ndani ya maji, molekuli hazitulii. Zinakwenda huku na huko, nyingine kwa kasi, nyingine polepole, na zile zenye kasi kubwa huchomoka na kuwa mvuke. Joto likiongezeka, mvuke unaojaribu kutoka huongezeka nguvu. Kiputo cha mvuke kikizaliwa katikati ya maji, hewa ya nje inakigandamiza ili kife. Siku zote mshindi ni hewa, mpaka joto lifike mahali ambapo nguvu ya mvuke inalingana na mgandamizo wa hewa. Hapo viputo vinaweza kuishi, kukua na kupanda juu, na maji yanatokota. Mlimani hewa inasukuma kwa nguvu ndogo, kwa hiyo mvuke unahitaji joto dogo ili kulingana nayo.

Kanuni ni nyepesi, lakini kazi ya mikono haikuwa nyepesi. Karne ya 18 hata neno "kuchemka" lilikuwa na utata. Katika jumba la makumbusho la sayansi mjini London kuna kipimajoto cha fundi George Adams chenye alama mbili za maji: moja, kwenye nyuzi 204 za Fahrenheit, inaonyesha maji yanapoanza kuchemka, nyingine, kwenye 212, inaonyesha yanapochemka kwa nguvu. Kati ya alama hizo kuna nyuzi 8. Kwa mpima milima, nyuzi 8 za Fahrenheit ni tofauti ya zaidi ya mita 1,200 za mwinuko.

Royal Society iliunda kamati chini ya Henry Cavendish kulishughulikia tatizo hilo. Cavendish aliona kwamba vipimajoto vya mafundi hodari wa London vilipishana nyuzi 2 au 3 kwenye alama ya kuchemka. Ripoti ya mwaka 1777 ilitoa maagizo ambayo bado ni msingi wa kazi hii. Tufe la kipimajoto lisizamishwe ndani ya maji, kwa sababu maji yenyewe hutofautiana joto kutoka kina hadi kina na kutoka chombo hadi chombo. Liwekwe ndani ya mvuke unaotoka, ambao ni mtulivu zaidi. Na mgandamizo wa hewa wa siku hiyo uandikwe.

Karibu mwaka 1800, mbali na London, katika milima ya Andes kwenye nchi ambayo leo ni Colombia, Francisco José de Caldas alivunja kipimajoto chake akiwa katika kazi ya kupima volkano. Hakuwa na pa kununua kingine. Alipojaribu kukitengeneza upya na kukichorea alama, aligundua kwamba alama ya kuchemka inahama kila anapobadili kimo. Akafikia peke yake wazo kwamba maji yanayochemka yanaweza kupima mlima. Caldas hakuishi kuona kazi yake ikienea. Mwaka 1816 majeshi ya Hispania yalimuua Bogotá kwa kushiriki harakati za uhuru.

Kufikia miaka ya 1840 Victor Regnault wa Paris alikuwa ametengeneza majedwali sahihi ya nguvu ya mvuke kwa kila nyuzi, pamoja na chombo cha msafiri. Tukitazame kwa karibu, maana ndicho kilichobebwa mpaka kwetu. Chini kuna taa ndogo ya spiriti. Juu ya taa kuna kikombe cha shaba chenye maji vidole viwili. Juu ya kikombe kuna mrija wa shaba unaorefushwa kwa kuvutwa, na ndani yake kipimajoto kinaning'inia bila tufe lake kugusa maji. Mpimaji anakinga taa isipigwe na upepo, anasubiri mvuke utoke mfululizo, anainua kipimajoto kidogo tu mpaka ncha ya zebaki ichungulie, kisha anasoma jicho lake likiwa sawa na ncha hiyo. Akisomea juu au chini kidogo, jibu linapinda. Akiwa na nyuzi mkononi, anaingia kwenye jedwali, anatoka na mgandamizo, na kutoka mgandamizo anakokotoa mwinuko.

Hesabu ya haraka ni hii: kila mita 300 hivi za kupanda zinashusha alama ya kuchemka kwa nyuzi moja ya sentigredi. Geuza hesabu hiyo uone hatari yake. Anayekosea nyuzi moja kwenye kioo anakosea mita 300 kwenye ardhi.

Kutoka Zanzibar hadi Ujiji

Mwezi Juni 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walivuka kutoka Zanzibar kwenda Kaole, pwani ya Bagamoyo, wakitumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Msafara uliongozwa na Said bin Salim. Kati ya watu wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, na alipopata uhuru akarudi Zanzibar kuwa askari wa Sultani. Bombay alizungumza Kihindustani na Speke, na Kiswahili na watu wa njiani, kwa hiyo habari nyingi zilizomfikia Speke zilipita kwanza kinywani mwake.

Vyombo vya kisayansi viliteseka. Baromita ya zebaki ni mrija wa kioo unaokaribia urefu wa mita moja. Kwenye mabega ya wapagazi, mvua na mito, haikuwa na maisha. Saa za kupimia longitudo ziliharibika. Vipimajoto maalumu vya kuchemshia maji vilivunjika kimoja baada ya kingine, hata ikabidi kutumia kipimajoto cha kawaida, cha aina ya kupimia maji ya kuogea. Kitu kilichotengenezwa ili mtu asiungue akiingia kwenye maji ya moto kikawa ndicho cha kuamua kimo cha maziwa ya Afrika.

Februari 1858 walifika Ziwa Tanganyika wakiwa hoi. Speke alikuwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho, Burton hawezi kutembea. Swali lao kubwa lilikuwa mto wa kaskazini, Ruzizi. Ikiwa unatoka ziwani kwenda kaskazini, huenda ndio Nile. Sheikh Hamed bin Sulayyim, mfanyabiashara wa upande wa magharibi wa ziwa, alieleweka na Speke kuwa amesema mto unatoka. Mwezi Aprili walipanda mitumbwi mpaka Uvira. Huko watoto watatu wa kiume wa mtawala wa mahali, vijana waliozaliwa jirani na mto huo, waliwaambia waziwazi kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Bombay naye akasema kwamba hata Sheikh Hamed alimaanisha hivyo, ila hakueleweka. Safari ikaishia hapo; Burton na Speke hawakufika mlangoni mwa mto kuuona kwa macho yao.

Kimo cha Tanganyika walichorudi nacho kilikuwa futi 1,800 na ushei, yaani karibu mita 560. Ukweli tunaoujua leo ni mita 773 hivi. Walikosea kwa zaidi ya mita 200. Kwa kipimajoto, kosa hilo halifiki nyuzi moja ya sentigredi: Ujiji maji huchemka kwenye nyuzi 97.4, na chombo chochote kinachosoma nyuzi 98.1 kingetoa jibu lao. Zingatia upande wa kosa. Kipimajoto kinachosoma juu kuliko haki hushusha ziwa.

Burton alibaki Kazeh, jirani na Tabora, akiuguza mwili, na Speke akaenda kaskazini kufuata habari za ziwa jingine walizopewa na wafanyabiashara Waarabu wa pale, akiwamo Snay bin Amir. Mwanzoni mwa Agosti 1858 alisimama kando ya ziwa hilo, Victoria, karibu na mahali palipo jiji la Mwanza leo. Alichemsha maji, akapata kimo kinachozidi kidogo futi 3,700. Namba hiyo ilikaribia sana ukweli, ambao ni mita 1,134. Safari ileile ikawa imezaa namba moja njema na nyingine mbovu, na kwenye daftari hapakuwa na alama ya kuonyesha ipi ni ipi.

Mabishano ya kimo

Speke alirudi mwaka 1860 pamoja na James Grant, na tarehe 28 Julai 1862 aliona Nile ukitoka kwenye ziwa hilo, kwenye maporomoko yaliyokuwa karibu na Jinja ya leo. Lakini vimo alivyovipata katika safari hiyo ya pili havikuafikiana na cha Mwanza. Vilipishana kwa mamia ya futi. Wapinzani wake walikamata tofauti hiyo. Walisema, ziwa moja haliwezi kuwa na vimo viwili. Basi Speke ameona maziwa mawili au zaidi, na hana haki ya kudai ameona chanzo. Burton, aliyekuwa rafiki na sasa hasimu, alitumia hoja za namna hiyo. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya yeye na Burton kukutana hadharani mjini Bath.

Burton alirudia nadharia ya Ruzizi: kwamba mto huo unatoka Tanganyika, unakwenda kaskazini, na ndio Nile. Alikuwa ameambiwa kinyume chake Uvira miaka sita nyuma. Kisha mwaka 1865 Samuel Baker akarudi Uingereza na habari za Ziwa Albert, aliloliona Machi 1864. Naye alikuwa amechemsha kipimajoto, akapata futi 2,720, yaani karibu mita 830.

Sasa namba zikapangwa mezani. Albert mita 830, Tanganyika mita 560. Maji hayapandi mlima. Tanganyika haliwezi kumwagia Albert. Kwa wengi kesi ilikuwa imekwisha. Lakini upande wa Burton uliuliza swali la haki kabisa: kimo hicho cha Tanganyika kilipimwa na nini? Kilipimwa na kipimajoto cha bafuni, ambacho kinaweza kukosea kwa futi 1,000. Jumuiya ikagawanyika, na hakuna aliyeweza kumshawishi mwenzake kwa hesabu.

Tukiwa na vipimo vya leo tunaona jinsi walivyokuwa gizani wote. Tanganyika liko mita 773, Albert liko mita 620 hivi. Baker alikosea kwa kuzidisha mita 200, Burton na Speke walikosea kwa kupunguza mita 200, na mpangilio wa maziwa mawili ukageuka juu chini. Waliosema Tanganyika liko chini ya Albert walikosea. Waliotilia shaka kipimajoto walikuwa na haki. Na bado hao wenye haki walikosea kuhusu mto, kwa sababu ziwa kuwa juu ya jingine hakutoshi kuthibitisha kwamba maji yanatoka huku kwenda kule. Nyuzi moja na nusu hivi za sentigredi, zikigawanywa kati ya vyombo viwili, zilitosha kupoteza kundi zima la wasomi.

Makosa ya aina hii yana vyanzo vinavyojulikana. Kioo cha zama zile kiliendelea kusinyaa polepole kwa miaka baada ya kutoka kwenye moto wa fundi, tufe likabana zebaki, na usomaji ukapanda kidogo kidogo. Ndiyo maana kipimajoto kizuri kililazimika kupimwa tena kwenye barafu na mvuke kabla na baada ya safari. Hewa nayo haitulii: katika ukanda wetu wa tropiki mgandamizo hupanda kila siku kama saa nne asubuhi na hushuka kama saa kumi jioni, na mabadiliko hayo yanaweza kuhamisha kimo kwa mita 20 au 30. Mpimaji mwangalifu huandika saa, hurudia kipimo, na hulinganisha na chombo kilichobaki pwani. Msafara uliochoka, wenye kipimajoto kimoja kisichokaguliwa, haukuwa na nafasi ya kufanya hayo yote.

Mtumbwi mpaka Ruzizi

Novemba 1871, baada ya kukutana Ujiji, David Livingstone na Henry Morton Stanley walichukua mtumbwi na wapiga makasia wakaelekea kaskazini. Katika msafara wa Stanley wa mwaka huo Bombay alikuwamo tena, safari hii akiwa nahodha wa askari. Walifika mlangoni mwa Ruzizi na kukuta maji yanaingia ziwani, kama vijana wa Uvira walivyosema mwaka 1858. Hapakuhitajika nyuzi wala jedwali.

Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron, naye akiwa na Bombay, aliona mahali maji ya Tanganyika yanapotokea: mto Lukuga, upande wa magharibi, unaokwenda Lualaba na hatimaye Kongo. Mwaka 1875 Stanley alizunguka Ziwa Victoria kwa mashua na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja. Jumuiya ya London ilimtunuku Bombay medali ya fedha kwa utumishi wake. Vijana wa Uvira hawakupata kitu, ingawa jibu lao ndilo lililosimama.

Nisieleweke kwamba nabeza kipimajoto. Watu wa Uvira walijua mto unaingia au unatoka. Hawakuwa na njia ya kusema ziwa lao liko juu kiasi gani kuliko Albert, na swali hilo nalo ni la maana. Kosa la London lilikuwa kuipa namba isiyokaguliwa uzito kuliko ushuhuda wa mtu aliyelelewa kando ya mto, eti kwa kuwa namba ilitoka kwenye kioo.

Joto lenyewe

Regnault aliyetengeneza majedwali ya mvuke aliona pia kwamba vipimajoto vya zebaki vilivyotengenezwa kwa aina tofauti za kioo havikubaliani vikitoka nje ya alama mbili za msingi. Mwaka 1845 kijana kutoka Glasgow, William Thomson, alifanya kazi kwa muda katika maabara yake. Swali likamganda: ikiwa zebaki inasema hivi, pombe vile, hewa namna nyingine, joto lenyewe ni lipi? Mwaka 1848 Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipendekeza kipimo kisichotegemea kitu chochote kinachotanuka. Alikijenga juu ya kanuni ya Sadi Carnot kuhusu injini za joto, kwamba ubora wa juu kabisa wa injini hutegemea joto la pande zake mbili tu, si kitu kilichomo ndani yake. Sifuri ya kipimo kinachobeba jina lake leo, kelvin, iko nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya sentigredi.

James Clerk Maxwell na Ludwig Boltzmann walieleza maana yake. Joto ni ukubwa wa wastani wa nishati ya mwendo wa molekuli. Mwaka 1954 mataifa yalikubali kupima kelvin kwa kutumia maji: hali ya pekee ambamo barafu, maji na mvuke hukaa pamoja ilipewa thamani ya kelvin 273.16 kamili. Tarehe 20 Mei 2019 hata hilo liliachwa. Kelvin sasa inatokana na namba ya Boltzmann, inayounganisha joto na nishati, iliyowekwa kuwa 1.380649 × 10⁻²³ joule kwa kila kelvin. Ili kuipata kwa usahihi huo wanasayansi walipima, kati ya njia nyingine, kasi ya sauti ndani ya gesi ya agoni iliyofungiwa kwenye tufe la chuma. Kwa vipimo vya sasa, maji safi kwenye mgandamizo wa kawaida wa usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 99.97. Hata ile mia tuliyokaririshwa shuleni ni ya kukadiria.

Ndiyo maana natamani somo hili lifundishwe kwa namna nyingine katika shule zetu. Mwanafunzi wa Mbeya akichemsha maji katika maabara na kipimajoto kikamwonyesha nyuzi 94, asiandike 100 ili kumridhisha mtahini. Aandike 94, aandike kwamba Mbeya iko mita 1,700 juu ya bahari, aandike kwamba amesomea kwenye mvuke, na aeleze kipimajoto chake kinasema nini kikitiwa kwenye barafu. Daftari lenye maneno hayo manne lina sayansi zaidi kuliko namba walizogombania wakubwa wa London kwa miaka saba.